Ujira wa Fundi Redio

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa miji ya pwani wameulizana tangu zamani, barazani na mbele ya kadhi vilevile, liko moja ambalo halijapata kuchakaa: fundi amefanya kazi, kazi imekwisha, je, kiasi anachotaka ni haki yake au ni dhuluma? Swali hili, kwa mshonaji wa kanzu, kwa mhunzi wa majembe na kwa seremala wa milango, halikuwa gumu sana, kwa kuwa mwenye mali aliweza kuketi na kutazama; akaiona mishono, akazihesabu siku, akaijua bei ya kitambaa dukani, na hata kama hakuujua ufundi wenyewe, macho yake yalimpa mizani ya kupimia. Lakini zilipoingia mashine ambazo ubovu wake hauonekani na tiba yake haionekani, mizani ile haikufaa tena, na watu wakalazimika kutafuta nyingine. Habari ya namna walivyoitafuta, tangu siku za santuri hadi siku zetu hizi za simu za mkononi, ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, maana naona imo ndani yake busara ambayo haijaandikwa ipasavyo, na mafundi waliohusika nayo wametajwa mara nyingi zaidi kwa lawama kuliko kwa insafu.

Wala hawakuanza kuitafuta mikono mitupu. Waislamu wa pwani, tangu Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Ngazija, ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na miongoni mwa vitabu ambavyo wanavyuoni na makadhi wao wamevirejea ni Minhaj cha Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Katika mlango wa ijara, yaani mapatano ya kuajiri na kukodi, kitabu hicho kinataka mambo mawili yajulikane kabla mkono wa fundi haujagusa kitu, nayo ni kazi yenyewe na ujira wake. Ndiyo sababu haifai kumwajiri mchunaji kwa malipo ya ile ngozi atakayoichuna, wala msagaji kwa malipo ya sehemu ya unga atakaousaga, maana hakuna ajuaye ngozi itatoka katika hali gani wala unga utakuwaje, na ujira usiojulikana ni mlango wa ugomvi. Mapatano ya namna hiyo yakibatilika na kazi ikiwa imekwisha kufanywa, fundi hapotezi jasho lake. Hupewa ujira wa mithili, yaani kile ambacho mafundi wenziwe hupewa kwa kazi iliyo sawa na ile.

Wanavyuoni hawakuishia hapo. Walijiuliza: mtu akimpa dobi nguo aifue, au akimpa mshonaji kitambaa akishone, na dobi akafua na mshonaji akashona, wala hapakutajwa malipo, je, wana haki ya kudai? Kauli iliyotiliwa nguvu katika madhehebu ni kwamba hawana, kwa kuwa hawakushurutisha kitu. Lakini iko kauli nyingine, ambayo Nawawi anakiri kwamba huweza kuonekana nzuri, isemayo kwamba aliye maarufu kwa kazi hiyo ana haki ya ujira hata kama haukutajwa. Na mshonaji akikikata kitambaa akafanya joho, kisha mwenye kitambaa akasema kwamba yeye aliagiza kanzu, basi mwenye mali huapishwa, na akiapa husadikiwa; hatoi ujira, na mshonaji hulipa upungufu ulioingia kitambaani. Tena uko muamala wa juala, ambao mtu husema kwamba atakayemrudishia ngamia wake aliyepotea atampa kadha wa kadha; hapo ujira haupatikani ila kwa kutimia kwa kazi, na aliyezunguka jangwani asimwone ngamia hana chake. Nayataja masuala haya kwa urefu kwa sababu kila moja lilikuja kuzuka upya, karne saba baadaye, juu ya meza ya fundi redio, mbele ya watu ambao aghalabu hawakukifungua kitabu chochote cha fikihi ila walikwisha kulelewa ndani ya hukumu zake.

Mashine ya sauti iliingia majumbani mwetu kwa mlango wa muziki. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zao katika sahani za His Master's Voice, na sahani zile ziliporudi Unguja na kuenea mrima, santuri iliacha kuwa pambo la nyumba za matajiri na mabwana wa serikali peke yao, ikasikika mikahawani na madukani, na ikaanza kuharibika kama kiharibikavyo kila kitu kinachotumika sana. Haikuwa na umeme. Ilitiwa ufunguo kwa mkono, na nguvu yake ilitoka katika kamani ya chuma iliyoviringwa ndani, mfano wa kamani ya saa ila ni kubwa zaidi, kwa hiyo aliyezoea saa hakushindwa kuitengeneza. Kamani ilipokatika, mwenye santuri alionyeshwa vipande vyake. Bei ya kamani mpya ilijulikana, kazi ya kuitoa ya zamani na kuipachika mpya ilionekana, mafuta na sindano vilihesabika. Na fundi akitaka kupita kiasi, mwenye mali alibeba mashine yake akaenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Ujira wa mithili ulikuwa ukifanya kazi yake pasi na kadhi kuitwa.

Redio za mwanzo hazikuubomoa utaratibu huu, ingawa zilikuwa ghali na za ajabu. Nairobi ilianza kutangaza mwaka 1928, lakini matangazo yale yalikuwa ya Kiingereza na ya walowezi. Wasikilizaji wa Kiswahili walipata chao baadaye, Sauti ya Mvita iliposikika Mombasa, na hasa mwaka 1951 zilipofunguliwa Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Mwaka 1954 Cairo nayo ikaanza kusema Kiswahili, na maneno yake makali juu ya ukoloni yakawakusanya watu penye kila mkahawa wenye redio. London ikafuata mwaka 1957. Chombo chenyewe kilikuwa sanduku la mbao lenye valvu ndani yake, vitaa vya kioo ambavyo huwaka wekundu hafifu vikipata moto. Palipokuwa hapana umeme wa mji, palitakiwa betri kavu nzito ya volti 90, pamoja na nyingine ndogo ya kuziwasha valvu zenyewe. Ili tuipate kadiri ya thamani yake, na tukumbuke kwamba huko Lusaka, mwaka 1949, palitolewa redio ya betri yenye umbo la sufuria, iliyokusudiwa watu wa kipato kidogo, nayo iliuzwa pauni 5, ambazo kwa fedha ya Afrika ya Mashariki ya siku zile ni shilingi 100. Na hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa rahisi. Kwa kibarua, redio ilikuwa mali ya kuwekea akiba mwezi baada ya mwezi, na kuipeleka kwa fundi ilikuwa ni kutoa amana kubwa mno mkononi mwa mtu.

Hata hivyo, macho ya mwenye mali yalikuwa bado yana kazi. Valvu iliyoungua uzi wake haikuwaka. Akichungulia nyuma ya sanduku aliona moja imekufa ilhali wenzake wako hai. Tena valvu hazikulehemiwa, bali zilichomekwa katika vikalio vyake kwa miguu yao, zikichomoleka kwa vidole. Fundi aliweza kuichomoa inayoshukiwa, akaweka nyingine ya namna ileile, na redio ikasema papo hapo mbele ya mwenyewe. Namba ya valvu imeandikwa kiooni, na mwenye shaka aliinakili akaenda dukani kuuliza bei. Bila shaka palikuwa na maradhi mengine yaliyojificha, kama vile kondensa zilizovuja na koili zilizokatika, na kwa hayo mtu hakuwa na budi kumwamini fundi. Lakini ubovu ulio wa kawaida kuliko yote ulijitangaza wenyewe, na jambo hilo lilimtia mwenye mali ujasiri wa kuuliza.

Giza liliingia pamoja na transista. Kijidude hiki kilivumbuliwa katika maabara ya Bell huko Marekani mwishoni mwa mwaka 1947; mwaka 1954 ikauzwa redio ya kwanza ya mfukoni iliyokitumia, Regency TR-1, yenye transista nne na bei ya dola 49.95, kisha Wajapani wakaishika biashara hiyo, na katika miaka ya 1960 redio ndogo za plastiki, zinazotumia mawe yaleyale ya tochi, zikafika hadi vijiji ambavyo havijapata kuona sanduku la mbao. Neema yake haina shaka. Lakini transista haiwaki. Nzima na mbovu zina sura moja. Haichomoleki kwa vidole. Imelehemiwa miguu yake mitatu juu ya ubao mwembamba wenye njia za shaba, na anayetaka kuipima vema hana budi kuyeyusha lehemu kwanza. Mwenye redio akichungulia ndani haoni lolote la kumsaidia kujua kama anadaiwa kwa haki. Tangu siku hiyo anamlipa mtu kwa kazi asiyoweza kuishuhudia, na humu ndimo zilimozaliwa lawama zote zilizowafuata mafundi hadi leo.

Nataka nikae kidogo juu ya kazi yenyewe, maana sidhani kama mtu anaweza kuuhukumu ujira wa jambo asilolifahamu. Redio imeletwa haisemi. Fundi mwenye elimu yake haanzi kubadilisha vitu ovyo. Hupima kwanza nguvu ya betri kwa mita, akaona kama umeme unafika ubaoni, kisha hushika bisibisi na kuigusisha ncha yake katika mguu wa kati wa kile kitufe cha kupandishia sauti. Spika ikinguruma, amekwisha kujua kwamba nusu nzima ya redio, kuanzia hapo hadi kwenye spika, ni salama, na ubovu uko upande wa antena. Isiponguruma, ubovu uko upande wa spika. Kwa mguso mmoja ameigawa redio mafungu mawili na kuliweka moja kando. Huendelea hivyo, akiligawa lililobaki na kuligawa tena, mpaka ajikute mbele ya vitu viwili au vitatu; na katika miji yetu ya bahari, ambako hewa ya chumvi hula shaba na joto hukausha kondensa, mazoea yake humwambia aanze na kipi. Pengine haya yote yamechukua dakika kumi, na kipuri kilichotiwa kina thamani ya senti chache. Mwenye redio anayepima ujira kwa dakika alizokaa kwa fundi, au kwa bei ya kipuri, ataona ameibiwa. Naye amekosea, kwa sababu dakika zile kumi zimenunuliwa kwa miaka ya uanagenzi, na fundi asiyejua angemfanyia kazi ileile kwa siku nne, akayeyusha lehemu mahali ishirini, na kumdai vipuri sita. Mtu akilipa kwa wingi wa jasho humtuza asiyejua na kumwadhibu ajuaye. Nasema hili kwa moyo wote kwa kuwa nimesikia mafundi hodari wakitukanwa kwa wepesi wao.

Desturi ya zamani ililifahamu jambo hilo vizuri. Mwanagenzi wa pwani aliyekaa kwa fundi wake miaka, akitumwa, akifagia, akishika taa na kutazama, alimaliza kwa kumvika fundi wake kilemba, yaani kumpa zawadi ya heshima iliyokubaliwa na ada. Na mji mzima ulijua kwamba elimu ya mkono ina thamani yake, mbali na thamani ya chuma na mbao. Ilipokuja redio, thamani hiyo ilibaki palepale, lakini ilikosa shahidi.

Kuna sababu nyingine iliyofanya ujira wa fundi uonekane unapanda hata pale uliposimama, nayo haitajwi sana. Bei ya redio ilikuwa ikishuka. Kadiri viwanda vilivyoongezeka na transista zilivyozidi kuwa rahisi, redio iliyokuwa mali ya kurithiwa ikawa kitu cha kununua sokoni siku ya mshahara. Bei ya mkate wa fundi haikushuka, wala kodi ya chumba chake, wala ada ya shule ya wanawe. Kwa hiyo fundi aliyezoea kutoza kiasi kilicho sawa na robo ya bei ya redio, redio iliposhuka bei hadi nusu, alijikuta anatoza nusu ya bei yake pasi na kuongeza hata senti moja, na watu wakaanza kusema kwamba mafundi wameingiwa na tamaa. Hadi hivi leo anayeambiwa gharama ya kutengeneza hukimbilia kuilinganisha na bei ya chombo kipya. Kulinganisha huko kunafaa kumwongoza mtu aamue kama atengeneze au anunue, lakini hakumwambii chochote kuhusu haki ya fundi. Hayo ni masuala mawili, na kuyachanganya ni kumwonea mtu kwa kosa la kiwanda kilichoko Osaka.

Tanzania ilipitia mtihani wake wa peke yake. Baada ya uhuru, redio zilikuwa zikiunganishwa hapahapa nchini, Philips wakiwa Arusha na Matsushita wakiwa Dar es Salaam na National zao. Fundi aliyezijua redio za namna mbili tatu alikuwa amezijua nyingi za mji mzima. Redio nayo ilikuwa chombo cha umma kwa maana halisi: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini wakisikiliza mafunzo ya afya kutoka Radio Tanzania, na redio ya kikundi iliponyamaza, darasa zima lilinyamaza pamoja nayo. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya udhibiti wa bei na kuundwa Tume ya Bei, ambayo ilipanga bei za bidhaa kwa maelfu. Bei ya redio iliweza kuandikwa katika orodha. Bei ya kujua ni kondensa lipi lililokauka haina orodha inayoweza kuichukua.

Kisha ikaja dhiki. Fedha za kigeni ziliadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, Vita vya Kagera vikala kilichobaki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri vilikuwa haba hata kwa mwenye pesa zake mkononi. Mawe ya redio yaliyokwisha nguvu yalianikwa juani ili yapate kusema jioni moja zaidi. Katika hali hiyo redio iliyokufa kabisa haikutupwa, iligeuka ghala. Fundi alichukua spika ya hii akaitia katika ile, akang'oa transista kutoka ubao uliopasuka, akaunganisha mkanda wa mshale kwa uzi wa kushonea. Na mara nyingi mteja asiye na pesa alimlipa kwa redio mbovu, au fundi mwenyewe alisema: niachie hii, nami nitakutengenezea ile. Hapo ndipo lile suala la mchunaji na ngozi, na la msagaji na unga, liliporudi likiwa hai. Je, katika redio iliyoachwa mna kitu gani kizima? Fundi hajui mpaka aifungue, na mwenyewe hajui kabisa. Mara fundi alipata transista sita nzima kwa kazi ndogo, mara alipata ubao ulioliwa na kutu kwa kazi kubwa. Na ubaya mkubwa zaidi ulikuwa ule wa fundi khaini aliyechomoa kitu kizima katika redio ya mteja na kutia kilichochoka, maana ujira wake alijikatia mwenyewe kutoka katika amana. Wapo waliofanya hivyo. Walikuwa wachache kuliko uvumi wao, lakini mmoja alitosha kuuchafua mtaa.

Ni katika miaka ile, kwa kadiri ninavyoiona historia hii, ndipo zilipokomaa ada zilizochukua mahali pa macho ya mwenye mali. Hakuna aliyezitunga, zilijijenga zenyewe baina ya watu waliohitajiana. Ya kwanza, na kwangu ndiyo iliyo bora, ni ada ya kurudisha kilichokufa: fundi amalizapo humpa mwenye redio mkononi mwake kile kipuri kibovu kilichotolewa, hata kama ni kondensa lisilozidi punje ya mahindi, wala hamrushii kando ya meza. Mteja hajui kukisoma. Lakini anaweza kukipeleka kwa mwingine akisome, na kule kujua kwamba anaweza kunatosha kumlinda. Kisha iko ada ya kukaa: mteja mwenye nafasi huvuta kigoda akaketi mbele ya meza, na fundi mwaminifu hamfukuzi. Iko ya kuijaribu redio mbele ya mwenyewe, ikaachwa iseme kwa muda wa kutosha, kwa sababu ubovu mwingi hujitokeza chombo kikipata moto. Na iko ile ya kutaja kiasi kabla ya kulehemu, kwa kuwa fundi akitaja bei baada ya kazi, chombo tayari kiko mikononi mwake na mwenyewe hana hiari tena.

Suala la chombo kuwa mikononi mwa fundi nalo lilikuwa na sheria yake. Serikali za kikoloni zilileta Afrika ya Mashariki Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilimpa mtu aliyetumia kazi au ustadi wake juu ya mali ya mwingine haki ya kuizuia mali ile mpaka alipwe. Mfano uliotolewa humo ni wa sonara aliyepewa almasi ghafi aikate na kuing'arisha. Tanganyika ilipotunga sheria yake ya mikataba mwaka 1961 iliifuata kwa sehemu kubwa sheria hiyohiyo. Kwa hiyo fundi anayekataa kutoa redio kabla ya kulipwa hatendi ujambazi. Ana haki ya zamani. Ila haki hiyo ni kwa ujira uliopatanwa au unaostahiki, wala haimpi ruhusa ya kupandisha kiasi kwa kuwa chombo kimo ndani ya kabati lake. Na mteja anayekiacha chombo chake mwaka mzima, kisha akarudi na kulalamika kwamba kimeuzwa, naye ana taksiri yake.

Unguja, ambayo ilipata televisheni yake ya rangi mapema miaka ya 1970, ilhali Bara ilingoja hadi mwaka 1994, ililiona kabla ya wengine tatizo jingine la ujira, nalo ni hatari. Nyuma ya kioo cha televisheni za zamani palikuwa na umeme unaopita volti 20,000, na bomba lile liliweza kuuhifadhi hata baada ya televisheni kuzimwa na waya kuchomolewa ukutani. Fundi aliyeingiza mkono pasi na kuutoa umeme ule kwanza aliweza kurushwa hadi ukutani, au pabaya zaidi. Mteja aliyelalamika kwamba televisheni inatozwa mara tatu ya redio, ilhali zote ni kulehemu tu, hakuiona hatari hiyo, na mafundi hawakuwa na desturi ya kuisema. Nadhani ingefaa waiseme.

Tangu hapo mambo yamekwenda katika mwelekeo uleule, kwa kasi zaidi. Transista zilikusanywa kwa mamia, kisha kwa mamilioni, ndani ya kipande kimoja cheusi. Na simu ya mkononi ikaja na ubao ambao vitu vyake havionekani ila kwa hadubini. Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli ya Nairobi na Darajani ya Unguja zimejaa vijana wenye mashine za hewa ya moto, wanaoinua kipande chenye miguu mingi na kukirudisha bila ya kukiunguza, na ustadi wao hauwi chini ya ule wa babu zao wa valvu. Ila ada ya kurudisha kilichokufa imelegea, kwa kuwa kilichokufa ni kidogo mno. Na ada ya kukaa imelegea, kwa kuwa meza ni finyu na wateja ni wengi. Na kwa kulegea kwazo shaka imezidi.

Kenya imejaribu kuyarudisha haya kwa sheria. Sheria yake ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari na bidhaa nyingine, ambayo inamtaka mtengenezaji atoe makadirio kabla ya kutoza, na inamkataza kuyazidi kwa zaidi ya asilimia 10. Msomaji wa Minhaj ataitambua mara moja: ni sharti lilelile la ujira kujulikana, pamoja na nafasi ndogo iliyoachwa kwa ajili ya yale yasiyoweza kujulikana. Na fundi aliyeambiwa abadilishe kioo, akabadilisha na betri pia bila ya kuuliza, yuko katika hali ya yule mshonaji aliyekata joho; sioni kwa nini mwenye simu alazimike kuilipia betri hiyo, hata kama kwa kweli ilikuwa imechoka, maana simu moja ya kumuuliza ingetosha.

Limebaki jambo moja ambalo wateja na mafundi bado wanazozana kwalo kila siku, nalo ni ujira wa kufungua. Fundi amefungua, ametafuta, ameupata ubovu, na kipuri hakipo mjini, au mwenye chombo amesikia gharama akasema basi. Je, alipwe? Mteja husema: chombo changu kimerudi vilevile kibovu, nilipie nini? Anaongea lugha ya juala bila ya kujua, lugha ya ngamia ambaye hakurudi. Fundi naye husema kwamba saa nzima ya kazi yake imekwenda. Mimi naona haki iko upande wa fundi, kwa sharti moja tu: awe amesema mlangoni, kabla ya kushika bisibisi, kwamba kufungua na kuchunguza kuna kiasi chake, akakitaja. Hapo kuchunguza kunakuwa kazi iliyojulikana yenye ujira uliojulikana, nayo ni ijara iliyo kamili. Na mteja anapokea kitu cha thamani, yaani habari ya hakika ya maradhi ya chombo chake, ambayo anaweza kwenda nayo kwa fundi mwingine au kuitumia kuamua kununua kipya. Mafundi wengi hukitoa kiasi hicho katika hesabu ya mwisho ikiwa kazi imeendelea, na ni desturi njema. Lakini aliyenyamaza mlangoni, akangoja mpaka vifuniko vimekwisha kufunguka na parafujo zimetandazwa mezani ndipo ataje, hana haki ya kudai zaidi ya kile ambacho mafundi wenziwe wa mtaa ule hutoza kwa kuangalia tu. Na katika mitaa mingi niijuayo, kuangalia tu hakuna malipo.